Mhojiwa wa Kumi na Nne

Kiamaiko, Nairobi
Jumatatu, 3 Februari 2025

Mourine mdogo wangu,

Pokea salamu huko kwenye baridi ya Eldoret. Usishangae kuona karatasi. Kwenye simu, ukishachoka na mimi, unasema "sawa dada" halafu nabaki naongea na hewa. Barua haina kitufe cha kukata. Nitaikabidhi kwa watu wa vifurushi kituo cha mabasi, na yule dada wa pale dirishani nimemkariri sura, kwa hiyo usije ukasema haikufika.

Mimi mzima. Pembe zinachemka ninavyokuandikia, na jirani wa mitumba amelalamikia harufu mara mbili kabla ya saa nne. Maana yake ni siku ya kawaida.

Sasa sikiliza. Jumamosi Kavindu alikuja huku, si kununua kitu, kuonekana tu. Amevaa ule mkufu wake wa pembe wa ngazi tatu, anatembea polepole ili zihesabike. Akasimama mlangoni pa karakana yangu akasema, "Dada Mideva, Mungu ni mwema! Wanafunzi wa chuo wanakuja kufanya mradi na kikundi chetu. Wiki kumi na mbili. Na kiongozi wao ni nani? Mourine wako!"

Nikamwambia najua. Sikujua. Nilisema najua huku nikipiga msasa kifungo kimoja mpaka kikawa chembamba kama ukucha, kikavunjika.

Nikukumbushe kidogo, maana elimu ikiingia kwa wingi husukuma vitu vingine nje. Kavindu alifika kwangu miaka saba iliyopita hajui pembe ya mbuzi inafunguliwa upande gani. Mimi ndiye niliyemwonyesha kuichemsha mpaka ilegee kama ganda la chungwa, kuipasua, kuibana kati ya vyuma viwili mpaka inyooke, ndipo uikate vifungo. Miaka miwili alikula ugali wangu. Halafu akapata kibanda Jericho, akapata wanawake kumi na mmoja, akapata bango lenye picha ya jani la kijani. Mimi sina bango. Mimi nina moshi.

Na mimi, nani alinifundisha? Vidole vyangu, kwa kuungua.

Nauliza swali moja, nimeliweka peke yake ulione vizuri:

Nairobi nzima hii, kwa nini Kavindu?

Si wivu. Nataka kujua tu, kama mtu anavyotaka kujua kama mvua itanyesha.

Na usisahau ninavyoishi. Magunia tisa kwa wiki ninayotumia hutoka kwenye lundo lililo nyuma ya yadi ya Hirad, mwenyekiti wa wachinjaji. Miaka kumi na miwili nayachota bila karatasi yoyote. Hirad hunitikisia kichwa, nami humtikisia kichwa, huo ndio mkataba. Siku lundo lile likipata mwenyewe mwingine, sufuria yangu itachemsha chai tu. Basi waambie wanafunzi wako, wakifika huku, waangalie wanapokanyaga.

Ni mimi dadako,
Mideva


Eldoret
Jumamosi, 8 Februari 2025

Dada Mideva,

Barua imefika, na yule dada wa dirishani amekutumia salamu kupitia kwa dereva wa basi. Anasema ulimtolea macho.

Pole kwa kusikia habari kutoka kwa mtu mwingine. Nilitaka kukuambia mwenyewe nikakosa nafasi. Mambo yako hivi: sisi tunaosomea usimamizi endelevu, mwaka wa mwisho hatufanyi mtihani kwenye somo hili. Tunagawanywa watano watano, kila kundi linatafuta shirika la nje lenye tatizo la kweli, tunakaa nalo wiki kumi na mbili, mwisho tunawapa suluhisho ambalo litatumika. Si la kuweka kwenye rafu. Makundi mawili bora yatawasilisha kazi yao mbele ya makampuni mwezi wa tano, na dada, huko ndiko watu hupatia kazi.

Tatizo la Kavindu ni malighafi. Wanawake wapo, wateja wapo, pembe hazitoshi. Kumbe Kiamaiko kuna pembe zinatupwa kila siku. Kazi yetu ni kujua zinakwenda wapi, nani anazitumia, na kiasi gani kinapotea bure.

Kuhusu swali lako ulilolipa mstari wake mwenyewe: chuo hakiruhusu mwanafunzi kufanya mradi kwenye biashara ya ndugu yake. Ni kanuni. Ningeweza ningekuja kwako, unajua hivyo.

Mimi sitashuka Nairobi, nabaki hapa kupanga takwimu kwa sababu nimepata kibarua maktabani. Atakayekuwa huko ni Munene, kijana wa Nyeri, ana heshima ila anaongea sana. Atapita Kiamaiko na fomu kuwahoji watu wote wanaogusa pembe. Fomu haina jina, ina namba tu, ili mtu aseme ukweli bila woga. Hajui kwamba wewe ni dadangu na sijamwambia, nisije nikaonekana napendelea.

Tafadhali akifika mkaribishe. Usimfanyie vile ulivyomfanyia yule mtu wa sensa.

Mdogo wako,
Mourine


Kiamaiko
Jumatatu, 24 Februari 2025

Mourine,

Yule mtu wa sensa alianza yeye.

Kanuni nimeielewa. Kanuni ni kitu kizuri. Nimeisoma mara nne.

Ijumaa nilikuwa na shughuli soko la Jericho. Nilienda kununua omena, wale dagaa wa ziwani. Najua omena zipo hapa Kiamaiko, lakini za Jericho zina kitu fulani. Na kwa kuwa kibanda cha Kavindu kiko njiani, ukizunguka kidogo upande wa nyuma, nikapita.

Ee mdogo wangu! Wamebandika makaratasi makubwa ukuta mzima. Mishale, miduara, rangi tatu. Katikati wameandika KAVINDU ndani ya duara, mishale yote inaelekea kwake kama yeye ndiye bomba la maji la mtaa. Munene wako amekaa kwenye stuli na msichana mmoja wa miwani, wanakula muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, kwa vijiko vya pembe. Vijiko vya pembe! Mimi niliacha kutengeneza vijiko kwa sababu mpini hupinda, na yeye Kavindu alikuwepo nilipoacha.

Akaniona. "Karibu dada! Leo umekuja kututembelea?"

"Nimekuja omena."

"Omena ziko upande ule mwingine."

"Naona."

"Basi kula kidogo. Munene, huyu ndiye mama aliyenionyesha kazi mwanzo mwanzo."

Mwanzo mwanzo. Miaka miwili imekuwa mwanzo mwanzo. Nikamgeuzia kichwa kijana nikasema niaje, nikaondoka kabla hajamaliza kutafuna. Sidhani aliniona uso, nilikuwa nimevuta kitambaa.

Kabla ya kuondoka nilichukua kijiko kimoja nikakitazama, nikakirudisha. Mpini haukupinda. Lakini ni mapema, tusubiri masika.

Utaniuliza kama Munene alifika na fomu. Nasikia alipita hapa Alhamisi, siku moja kabla ya hiyo safari ya omena, akahoji kila mtu, mpaka wale wanaochoma vichwa vya mbuzi, mpaka jirani wa mitumba ambaye pembe anaijua kwa pua tu. Bahati mbaya mimi nilikuwa nimetoka.

Nasikia pia fomu ilikuwa na maswali kumi na mawili. Hivyo ndivyo nilivyosikia.

Umekonda? Kavindu aliniambia mnaongea kwa simu kila jioni. Mimi sikusema kitu, niliuliza tu kama simu yako siku hizi ina chaji.

Mideva


Eldoret
Jumatatu, 10 Machi 2025

Dada yangu,

Sijakonda. Na Kavindu ananipigia kwa sababu ya kazi. Lakini nikuambie ukweli, anajua kusikiliza. Nikimweleza kitu hanikatizi kuniambia yeye alikijua zamani.

Takwimu zimefika zote, na kuna mhojiwa mmoja amechekesha darasa zima. Ni wa kumi na nne. Munene anasema ni mama mmoja fundi mwenye ubishi, aliyejibu bila kuacha kupiga msasa. Nakunukulia:

Unatumia magunia mangapi ya pembe kwa mwezi? "Moja, nikiwa na hamu."

Zinazobaki huenda wapi? "Zifuate uone."

Unaonaje siku za usoni za kazi hii? "Mimi naacha. Pembe ni kazi ya watu wasio na shamba. Anayetaka kuanza na aanze, ila awe na pua ya chuma."

Tumecheka, lakini dada, jibu hilo ndilo limeamua mambo. Kwenye lundo la Hirad tumehesabu magunia hamsini kwa mwezi. Fundi pekee aliyepatikana pale anasema anatumia moja, tena anaacha. Basi arobaini na tisa hayana mwenyewe. Pendekezo letu ni kwamba wachinjaji waweke saini na kikundi cha Kavindu, kikundi kichukue yote, taka ipungue, yadi iwe safi. Hirad amekubali. Watatia saini Ijumaa tarehe ishirini na nane, ili pembe za Idd ziingie kwenye mkataba, maana siku hizo wanachinja mara tatu ya kawaida.

Sasa kuna jambo. Wewe uliniandikia kwamba unatumia magunia tisa kwa wiki. Lakini pia uliniandikia kwamba hukuhojiwa. Mwalimu haruhusu kuweka kwenye ripoti kitu ambacho hakimo kwenye fomu, hata kama najua. Kwa hiyo nimemwomba Munene arudi Kiamaiko Alhamisi hii atafute fundi yeyote aliyemkosa. Uwepo tafadhali. Mwambie tu idadi ya kweli. Ni dakika kumi, na magunia yako yatalindwa.

Utakuwepo?

Mourine


Kiamaiko
Ijumaa, 14 Machi 2025

Mourine,

Nilikuwepo na sikuwepo.

Alhamisi niliamka na mafua. Nikafunga karakana kwa ndani nipumzike kati ya magunia. Saa tano hivi Munene akabisha. "Hodi! Fundi! Mama! Mathe, uko? Nielekeze kwa fundi mwingine!" Mtu mwenye mafua hawezi kujibu, koo linauma. Basi hakuondoka. Akanunua sambusa, akakaa kwenye benchi langu mwenyewe, mgongo wake umegusa ukuta wangu, wakaanza kupiga soga na jirani wa mitumba. Saa nzima. Nilikuwa nimechuchumaa na pembe inanichoma ubavuni, sikohoi, sipumui.

Ulisema anaongea sana. Ni kweli.

Jirani akamwuliza, "Nyinyi chuo chenu mnachagua vipi watu wa kufanya nao mradi?"

Akasema, "Yeyote tu, boss. Hata wa kwenu. Kuna msee darasani anaitwa Jackton, yeye yuko kwa mjomba wake, wanatengeneza matofali ya taka za plastiki Donholm. Prof alisema ni poa hata zaidi, wa nyumbani hawakufichi kitu."

Wa nyumbani hawakufichi kitu.

Nilisoma kanuni yako mara nne, Mourine. Mara nne! Nikamwelezea hata jirani, nikamwambia mdogo wangu angekuja kwangu ila kuna kanuni. Naye alikuwa amekaa pale nje anasikia kama mimi ninavyosikia, na alipomaliza akacheka kidogo, kicheko cha puani.

Kwa hiyo uliangalia huku na kule, ukaona dada mwenye moshi na dada mwenye bango, ukachagua. Sema hivyo. Kavindu anajua kusikiliza, na mimi ninajua kukulea tangu mama afariki, kila mtu na kipaji chake.

Swali lingine dogo, ni la mfano tu. Kama mtu alisema kitu kwenye fomu, halafu akakumbuka vizuri zaidi, anaweza kubadilisha? Siulizi kwa ajili yangu. Ni yule wa kumi na nne, ninamfahamu kwa mbali. Si mtu mbaya.

M.


Eldoret
Ijumaa, 21 Machi 2025

Dada,

Hakuna kanuni. Niliitunga siku ile ile, nikiwa na barua yako mkononi.

Nimeanza barua hii mara tano, kila mara najitetea. Hii ya sita nitasema tu.

Unakumbuka wageni walivyokuwa wakija nyumbani? Mama alikuwa anakuita, "Mideva, lete mikono yako waone." Unaleta mikono, watu wanashika vidole vyako, wanaguna. Alikuwa anasema mikono ile ingeweza kutoa kitu hata kwenye jiwe. Mimi cheti changu cha darasa la nane kiliingia kabatini siku ile ile nilipokileta na hakuna mgeni aliyewahi kukiona. Nilijaribu kukaa karakanani kwako likizo moja, nikaharibu pembe kumi na tatu, ukanipokonya kisu mbele ya wateja ukasema, "Wewe nenda ukasome."

Ndio nikasoma, dada. Nilisoma kwa sababu mikono ilikuwa imeshachukuliwa na mtu.

Sasa nimepata kitu kimoja ninachokijua ambacho wewe hukijui. Ningewaleta wenzangu kwako, dakika tano tu wangekuwa wanafunzi wako wote. Ungewaonyesha pembe inavyofunguka, wangesahau mishale na miduara, na mimi ningerudi kuwa mdogo wa Mideva. Kwa Kavindu mimi ni Mourine. Niliona wivu. Naona wivu hata sasa ninapoandika. Nimekuwa nao muda mrefu kiasi kwamba naufahamu kuliko rafiki zangu.

Kuhusu yule unayemfahamu kwa mbali: anaweza kubadilisha. Ila ni lazima aje mwenyewe, ajaze fomu mpya, na hiyo inawekwa jina na saini, kwa sababu inafuta ya kwanza. Mwisho ni Ijumaa ijayo kabla ya mkutano wa saa nane. Mwambie, kwa mfano tu, kwamba hakuna atakayemcheka kuliko anavyodhani.

Mourine


Jericho, Nairobi
Ijumaa, 4 Aprili 2025

Dada Mideva,

Ni mimi Kavindu. Nimeandika kwa sababu namba yangu uliifunga mwaka wa ishirini na mbili, na nikija mlangoni kwako unapiga msasa kwa nguvu zaidi.

Mkataba ulitiwa saini Ijumaa iliyopita. Tulikungoja. Hukusikia vibaya, nasema tulikungoja, mimi na Munene na Hirad, mpaka saa tisa. Hirad alikuwa amefunga na jua lilikuwa kali, akasema basi tumalize.

Jumatano na jana tumebeba pembe kwa pikapu. Nilipita mbele ya karakana yako. Sufuria iko juu ya mafiga na chini hakuna moto. Nimekufahamu miaka saba sijawahi kuiona hivyo. Nilimwambia dereva aongeze mwendo.

Mimi nilimjua mhojiwa wa kumi na nne siku Munene alipotusomea majibu hapa kibandani. Wanawake walianguka kwa kicheko. Mimi sikucheka, maana "awe na pua ya chuma" uliniambia mimi siku yangu ya kwanza. Jioni nikampigia Mourine nikamwambia futa huyo, ni dadako, anakudanganya kwa hasira. Akanijibu, "Najua ni yeye. Nilijua nilipoisoma. Mwenyewe ataandika." Nikamwuliza, asipoandika? Akanyamaza. Na mimi nikanyamaza, na kunyamaza kwangu hakukuwa kwa wema. Miaka mitano nimechemsha pembe za kuokoteza, wewe umekalia lundo zima na hukuwahi hata siku moja kuniambia Kavindu, chukua gunia hili. Nikasema moyoni, acha na yeye aone.

Basi nimepata. Nina magunia thelathini na sita ya Idd nyuma ya kibanda, soko lote la Jericho linanitukana, na wanawake wangu wakijitahidi wanamaliza matatu kwa wiki. Mkataba unasema yasiyoguswa siku kumi na nne yanakwenda kwa mtu wa kusaga mbolea.

Siwezi kukurudishia kimya kimya. Karatasi ni ya wanawake kumi na mmoja, wataona nauza kitu chao kwa rafiki. Ijumaa tarehe kumi na moja saa nne tutakuwa yadini kwa Hirad, sote, na Munene na fomu. Njoo useme. Ukisema, nitakuwa wa kwanza kuinua mkono.

Usipokuja, ninaruhusu mbolea. Sikutishi, nimechoka tu na harufu.

Kavindu


Kiamaiko
Jumatatu, 14 Aprili 2025

Mourine mdogo wangu,

Nimekaa mwezi mzima bila kukuandikia, na haikuwa mafua.

Kavindu aliniandikia. Aliniambia ulijua. Nilipofika hapo niliikunja barua nikaiweka chini ya sufuria, nikatafuta kiberiti, nikakumbuka sina cha kuchemsha. Nikaitoa nikaisoma tena.

Siku tatu nilikuwa na hasira na wewe, hasira nzuri kabisa, ya kulalia. Ulikuwa na barua yangu yenye magunia tisa kwa wiki, na fomu yangu yenye gunia moja, ukaamua kuiamini fomu. Ukaniacha nianguke ili uone kama nitajiokota. Siku ya nne ile hasira ikaanza kulegea, kwa sababu kila nilipoipindua upande wa pili nilimkuta mtu amejificha kati ya magunia huku kijana anakula sambusa nje.

Ijumaa nikaenda. Nilivaa lile gauni la kanisani ili nisirudi nyuma, maana nikilivaa watu huniuliza ninakokwenda na siwezi kusema sokoni.

Walikuwa wote. Wanawake kumi na mmoja wamejipanga kama kwaya. Hirad juu ya kiti cha plastiki, na mbuzi mmoja nyuma yake akitafuna kamba. Munene aliponiona akafungua mdomo.

"Ni wewe! Mathe wa omena! Wa kumi na nne!"

"Huwa unaongea hivi hata ukilala?" nikamwuliza.

Akatoa fomu mpya. Jina. Nikasema, Mideva. Akauliza mara mbili nikamwambia ndiyo, dadake Mourine, funga mdomo nzi wataingia. Magunia mangapi kwa mwezi? Thelathini na sita. Tangu lini? Miaka kumi na miwili. Hirad akatikisa kichwa kuthibitisha, lakini safari hii akaongeza maneno. Akasema, "Kweli. Huyu anafagia lundo langu kuliko watoto wangu wanavyofagia nyumba."

Halafu Munene akaja kwenye sehemu ya sababu ya kubadilisha jibu. "Kuna kusahau, kuna kutoelewa swali, kuna nyingine. Niweke gani?"

"Nyingine."

"Kuna mistari miwili hapa, fafanua."

"Neno moja linatosha. Andika wivu."

Kalamu ikasimama. Mwanamke mmoja wa Kavindu, yule mnene anayeshona, akasema kwa sauti, "Wivu wa nani, mama?" Nikasema wa Kavindu. Basi yadi ikalipuka. Waligonga mikono, walishikana mabega, mmoja alikaa chini. Kavindu peke yake hakucheka. Aliinua mkono kama alivyoahidi, akaushikilia juu mpaka wenzake wakaona na wakaanza kuinua wa kwao, mmoja mmoja, bado wanafuta machozi.

Mkataba umeandikwa upya. Thelathini na sita kwa mwezi ni yangu, yanayobaki ni ya Jericho. Ya Idd tumegawana. Karatasi ina jina langu na muhuri wa wachinjaji, nimeiweka pale mahali ambapo panya hawafiki.

Lakini najua nimekugharimu. Munene aliniambia. Pendekezo lenu limeanguka na kundi lenu limeondolewa kwenye wale wa mwezi wa tano. Alisema ulipomaliza kusikia ulisema "sawa" ukakata simu. Hiyo sawa naifahamu. Pole, mdogo wangu. Siwezi kuchemsha kitu kikakurudishia.

Sasa nikuambie nilichoshindwa kusema yadini, kwa sababu watu walikuwa wanacheka na pia kwa sababu si chao. Niliwaambia wivu wa Kavindu. Ni kweli, ila ni nusu. Alhamisi ile Munene alipokuja na fomu, nilikuwa tayari kumjibu vizuri. Nilizima hata moto. Akaanza: ulianzaje kazi hii? Nani alikufundisha? Ni kitu gani kigumu zaidi? Ni nini unachoogopa? Maswali kumi na mawili, mazuri, yameandikwa kwa akili. Nikatambua ni wewe uliyeyaandika. Nilijua namna unavyouliza, tangu ukiwa mdogo unaanza na "ni nini" halafu unangoja. Miaka yote hujawahi kuniuliza hata moja. Na siku umeyapata, umeyaweka mkononi mwa kijana wa Nyeri asiyenijua, aniulize kwa niaba ya Kavindu. Nilimwonea wivu yule kijana, Mourine. Niliionea wivu karatasi.

Nikachukua msasa nikampa gunia moja.

Nami sikukuuliza pia, hilo nimelifikiria juzi. Nilikupokonya kisu nikadhani nimekupa njia. Sijui unasomea nini hasa. Nawaambia watu "mambo ya ofisi."

Munene anasema chuo kinafungwa Alhamisi hii. Njoo. Sitamwalika Kavindu siku ya kwanza, labda ya pili. Njoo na fomu tupu, ukae kwenye benchi, uniulize yote kumi na mawili mwenyewe, nami nitakujibu bila kupiga msasa. Ukimaliza nitakuwa na yangu ya kukuuliza. Nimeandika matatu mpaka sasa. La kwanza ni gumu, linahusu zile pembe kumi na tatu.

Dadako,
Mideva